Kengele ya Saa Tisa

Dukani, huko Duluth, waliwaita kindi-sukari,
ingawa si kindi, na sukari si chakula chao.
Wana mfuko tumboni kama kangaruu,
ngozi iliyotandwa toka kiganja hadi unyayo,
macho yaliyojaa usiku.
Shayla akawapa majina: dume Pilipili, jike Biskuti.

Usiku wa Jumanne, theluji imefika dirishani,
nilimkuta mmoja sakafuni mwa kizimba
juu ya vumbi la mbao,
mwekundu, manyoya ndiyo kwanza yanaota,
hafiki urefu wa kidole gumba changu.
Nikamrudisha kiotani, kifuani pa mama yake.
Alfajiri nikamkuta palepale.
Na wa pili,
wa pili sitamsimulia.
Shayla nilimwambia alizaliwa mmoja.

Daktari wa wanyama, Bi Lindquist, alisema kwenye simu:
mpe joto,
maziwa tone kwa tone kila saa na nusu,
mpanguse chini kwa pamba ya maji vuguvugu ili akojoe,
na usimwahidi mtu yeyote nyumbani kitu chochote.

Mimi Verlyn, fundi mstaafu wa reli ya madini,
mikono iliyozoea nati nzito kama mawe,
nikajifunza kushika bomba la sindano lisilo na ncha
na kungoja mdomo mdogo kama tundu la kifungo
ufunguke.
Nilimtia ndani ya soksi, soksi ndani ya fulana,
tukalala watatu:
mimi, yeye, na saa ya mezani.

Shayla ana miaka tisa. Alikuja kwangu Septemba
na begi moja, na faili nene kuliko begi.
Maswali yake si ya kitoto.
"Alimtupa," aliuliza, "au alimdondosha?"
Nikasema wanyama huogopa. Labda kelele,
labda maziwa hayakutosha,
labda ni mimi, niliyesogeza kizimba
karibu na mashine ya kupasha nyumba joto,
ile inayogonga usiku kucha kama mgeni aliyefungiwa nje.
"Labda," alisema,
kwa sauti ya mtu aliyekwisha kupewa labda nyingi.

Husemwa: uchungu wa mwana, aujuaye mzazi.
Sijui aliyesema aliwahi kukaa saa tisa ya usiku
mbele ya mzazi aliyegeukia ukutani
akilamba makucha yake.

Siku ya nne alikishika kidole changu.
Siku ya tano alinyonya matone kumi na moja,
Shayla akayaandika ukutani kwa penseli.
Pale pa siku ya sita, ukuta ni mweupe.

Ardhi ya huku haichimbiki Januari.
Tulimlaza ndani ya kopo la chai,
kwenye rafu ya gereji, kando ya makopo ya rangi,
mpaka Aprili.
Maziko yanayongoja hali ya hewa:
sikujua kama yapo ya namna hiyo.

Nilitaka kumchukia Biskuti. Kweli nilitaka.
Nilisimama mbele ya waya, maneno nimeshayapanga.
Shayla akanipita na kipande cha tufaha,
akakipenyeza ndani.
"Na yeye ana njaa," alisema.
Kisha, bila kunitazama:
"Walikuwa wawili. Niliamka kabla yako."

Jana saa tisa kengele ikalia. Nilisahau kuizima.
Nikajikuta jikoni, bakuli la maji moto mezani,
nikidondoshea maziwa kifundo cha mkono
kupima joto
kwa ajili ya soksi tupu.
Taa ya ngazini ilikuwa inawaka.
Alikaa kidato cha tatu, blanketi mabegani,
miguu peku.
Sikumuuliza kitu.
Nikatoa sufuria kubwa zaidi,
nikamimina maziwa
ya vikombe viwili.